Fahamu: Mbwa katika nyumba inayosubiri mtoto

Januari 5, 2022, Papa Francis alizua mjadala aliposema wapo wanandoa wenye mbwa na paka badala ya watoto. Lakini wapo pia wanaomtamani mtoto na hawajampata. Hao aliwahimiza wafikirie kuasili.

Huko Kisawasawa, Tanzania, chini ya milima ya Udzungwa, mbwa kwa kawaida ni mlinzi wa nyumba na shamba. Ila ukiingia ua usio na mtoto, unaweza kukuta anaitwa kwa jina kama mtu, ukoko wa wali umelowekwa kwenye sufuria yake kuukuu, na mama mwenye nyumba hali kabla hajamlisha. Mwanamke anayeulizwa "vipi, bado?" kila harusi na kila msiba ana haki ya kupokewa mlangoni na kiumbe kisichouliza.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 hupitia ugumba maishani. Tatizo linaweza kuwa la mume, la mke au la wote. Mkitafuta mtoto miezi 12 bila mafanikio, nendeni hospitali wote wawili. Asipelekwe mke peke yake.

Kuasili kunaongozwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Muoneni ofisa ustawi wa jamii.

Na mbwa huyo mpendwa achanjwe kichaa cha mbwa. Akimuuma mtu, osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.