Msomaji Asiyemjua Muuaji

Mwandishi wa riwaya ya upelelezi ana tatizo ambalo mshairi hana. Mshairi akimaliza utungo wake huusoma kwa sauti, na sikio lake mwenyewe likamwambia mizani imepwaya wapi. Anayeandika juu ya mauaji hana sikio la namna hiyo. Tangu ukurasa wa kwanza anajua nani katia sumu kwenye chai, kwa hiyo kila dokezo analolipanda humwonekea ama liko wazi mno ama limefukiwa mno, na hana njia ya kujua lipi ni lipi. Kadiri anavyourudia mswada ndivyo anavyozidi kupofuka. Anachohitaji ni mtu mwenye akili kali, aliyezoea kusoma riwaya za aina hiyo, na ambaye hajui chochote kuhusu hii.

Ubaya ni kwamba mtu huyo ni kama njiti ya kiberiti: anawaka mara moja tu. Akishafika ukurasa wa mwisho, hafai tena. Ukirekebisha mswada na kutaka kuupima upya, itabidi utafute mwingine, halafu mwingine. Mke, kaka, rafiki wa chuoni, wote wanakwisha mapema, tena wengi wao walikuwa wanakupenda mno kuweza kukwambia kweli. Kazi yangu ni kuhariri, na miswada mingi ya upelelezi inayonifikia ina kasoro ambayo wasomaji watatu wageni wangeiona wiki ya kwanza.

Hii ndiyo sababu, kwa maoni yangu, waandishi wa utanzu huu wamekuwa wepesi kuunda vyama kuliko wenzao. Mwaka 1930 waandishi wa Uingereza, wakiwemo Agatha Christie, Dorothy L. Sayers na Anthony Berkeley, walianzisha Detection Club jijini London, rais wake wa kwanza akiwa G. K. Chesterton. Waliokaribishwa walikula kiapo, nusu mzaha nusu kweli, kwamba wapelelezi wao watafumbua mafumbo kwa akili, si kwa miujiza wala bahati nasibu, na kwamba hawatamficha msomaji dokezo lolote la maana. Kulikuwa na fuvu la kichwa katika sherehe hiyo, nalo lina jina: Eric.

Kilabu hicho kilitaka fedha za kuendeshea vyumba vyake, basi wanachama wakaandika vitabu kwa pamoja. Mashuhuri zaidi ni The Floating Admiral cha 1931. Maiti ya admirali mstaafu inakutwa ndani ya mtumbwi mtoni. Kila mwandishi aliandika sura moja na kumwachia mwenzake, bila kumwambia alichokuwa anakikusudia. Ila sharti lilikuwa moja: usiongeze utata kwa ajili ya utata tu. Lazima uwe na jibu lako kichwani, uliandike, ulikabidhi pamoja na sura yako. Majibu hayo yamechapishwa mwishoni mwa kitabu, na kwangu mimi ndiyo sehemu tamu kuliko riwaya yenyewe. Wataalamu wale, wakisoma madokezo yale yale, walielekea njia tofauti kabisa. Aliyeandika mwisho, Berkeley, alilazimika kusafisha uchafu wote, na jina alilolipa sura yake linakiri hivyo bila aibu.

Kama mabingwa hawa hawakusomana sawasawa, wewe unayeandikia chumbani kwako Morogoro unajuaje kwamba dokezo lako limefika?

Detection Club ilikuwa ya watu wachache, wa mwaliko, wanaoweza kukutana London kwa chakula cha jioni. Mtandao uliondoa mlango huo. Mwaka 1991 wakutubi wa Marekani walianzisha kundi la baruapepe la wapenzi wa riwaya za upelelezi, wakaliita DorothyL kwa heshima ya Sayers. Wakati huo watu wengi hawakuwa wamewahi kuiona baruapepe, lakini humo wasomaji na waandishi walikuwa tayari wanabishana kuhusu vitabu kila siku.

Lakini kundi ambalo lingefaa kuchunguzwa na kila mwandishi chipukizi ni jingine. Mwaka 1986 Sara Paretsky, mwandishi wa Chicago aliyemuumba mpelelezi wa kike V. I. Warshawski, alikutana na wanawake wenzake huko Baltimore, wote wakilalamika kwamba magazeti yanavihakiki vitabu vya wanaume na kuvipita vya wanawake. Kutokana na malalamiko hayo kikazaliwa chama cha Sisters in Crime. Hawakuishia kulalamika: walikaa wakahesabu uhakiki gazeti baada ya gazeti, wakawapelekea wahariri takwimu. Ni upelelezi safi huo. Baadaye chama kikapata tawi lisilo na mji wala ukumbi, linaloitwa Guppies, lililoanzia miaka ya 1990 kwa ajili ya wale ambao hawajachapisha chochote. Shughuli zake zote ziko mtandaoni. Kuna madarasa. Kuna vikundi vidogo vya kusomeana sura kwa sura. Kuna mahali pa wanaotafuta wakala, ambako watu hupeana moyo na kuonyeshana barua za kukataliwa. Na kuna kitu ambacho nakithamini kuliko vyote, nacho ni kubadilishana miswada mizima: unasoma wangu, nasoma wako.

Kanuni ya kubadilishana inaonekana ndogo, ila ndiyo nguzo ya mambo haya yote. Kundi lolote la waandishi lisilo na kanuni hiyo hugeuka haraka kuwa foleni ya wanaotaka kusomwa, na hakuna wa kusoma. Tena anayesoma mswada wa mwenzake hufaidika zaidi ya anayesomewa, maana makosa ya mtu mwingine huyaona, kisha akirudi kwenye mswada wake anayakuta yamemngoja.

Namna ya kusoma nayo ina ufundi wake. Ukimaliza kitabu ukamwambia mwandishi "nimependa" au "mwisho haujanikolea", hujamsaidia. Msaada ni kusimama njiani. Kila baada ya sura tano hivi, mwandikie unamshuku nani na kwa nini, bila kurudi nyuma kusahihisha. Mwandishi akiwa na kumbukumbu hizo kutoka kwa wasomaji watatu anaweza kufanya kazi. Wote watatu wakimtaja muuaji theluthi ya kwanza haijaisha, dokezo limepiga kelele. Wote wakikosea, na hata baada ya kuelezwa wanaona wameonewa, basi dokezo halikuwepo, lilikuwa kichwani mwa mwandishi tu. Kinachotafutwa ni msomaji aliyekosea, akarudi ukurasa wa arobaini, akajipiga paji la uso: kumbe! Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau, nalo ni kuangalia nani hajashukiwa na yeyote. Mhusika ambaye hakuna aliyemfikiria hata kwa dakika moja mara nyingi ni mhusika ambaye hajaandikwa vizuri, awe muuaji au asiwe.

Upande wa pili wa ushirikiano huu ni maarifa. Riwaya ya mapenzi inaweza kuandikwa bila kumuuliza mtu. Riwaya ya mauaji inataka mtu anayejua maiti hukakamaa lini, na polisi huandika nini eneo la tukio. Daktari mmoja wa moyo wa California, D. P. Lyle, ambaye naye ni mwandishi, amejibu maswali ya waandishi wenzake kwa miaka mingi kiasi cha kuyakusanya katika vitabu. Cha kwanza kilitoka 2003.

Mfano ulio mkubwa zaidi uko Scotland. Chuo Kikuu cha Dundee kilitaka mochwari mpya ya kufundishia, itakayotumia mbinu ya Thiel, iliyobuniwa Austria, ambayo huhifadhi maiti ikabaki laini na viungo vyake vikikunjika karibu kama vya mtu aliye hai, jambo linalowafaa madaktari wanaojifunza upasuaji. Zilihitajika pauni milioni 1. Profesa Sue Black, mtaalamu wa uchunguzi wa mifupa aliyewajibu waandishi maswali yao kwa miaka, safari hii aliwaomba wao msaada. Val McDermid, Stuart MacBride, Tess Gerritsen, Lee Child na wengine wakaingia katika shindano la mtandaoni: msomaji anachangia fedha na kumpigia kura mwandishi ambaye mochwari itapewa jina lake. McDermid akashinda. Mochwari ilifunguliwa 2014, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Sidhani kama kuna mshairi angeifurahia heshima hiyo, lakini yeye aliifurahia.

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia kwenye mema. Mtandao huo huo unaowakutanisha waandishi unawapa pia barakoa. Julai 2012, katika tamasha la riwaya za uhalifu la Harrogate, Uingereza, mwandishi Stephen Leather alisema hadharani, bila haya, kwamba hutumia akaunti za majina ya bandia kuvipigia debe vitabu vyake. Wiki chache baadaye Jeremy Duns, mwandishi wa riwaya za kijasusi, alifichua kwamba R. J. Ellory, mwandishi mwenye tuzo, alikuwa akijiandikia sifa kemkem kwenye tovuti ya Amazon kwa majina ya kubuni, na kwa majina hayo hayo kuponda vitabu vya wenzake. Ellory alikiri, akaomba radhi. Karibu waandishi hamsini walitia sahihi barua ya wazi ya kulaani mchezo huo, wakiahidi kutoutumia na kuwaomba wasomaji wa kweli waandike maoni yao ya kweli, mazuri kwa mabaya, ili yazizidi sauti za uongo.

Kisa hicho hukumbukwa kwa ulaghai wa mtu mmoja. Mimi kinanifundisha kitu cha kawaida zaidi: sifa ndiyo bidhaa rahisi kuliko zote katika makundi ya waandishi, na haihitaji jina bandia ili idanganye. Watu ishirini wanaosifiana kwa majina yao halisi wanaweza kumharibu mwandishi vizuri kabisa.

Kwetu, makundi haya yamekuta utanzu wenye mizizi. Mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alimtangulia kila mtu kwa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, akafuata Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo, kisha Elvis Musiba na Willy Gamba wake, Ben Mtobwa na Joram Kiango. Leo riwaya nyingi za taharuki huanzia Facebook na WhatsApp, zikitolewa kipande kwa kipande, na anayetaka mwisho hutuma fedha kwa simu. Tanzania kuna pia Umoja wa Waandishi wa Riwaya Wenye Dira, UWARIDI, unaowaleta pamoja waandishi wa kizazi hiki.

Mwandishi anayetoa riwaya kwa vipande ana kitu ambacho Christie hakuwa nacho: mamia ya wasomaji wanaokisia muuaji waziwazi, siku ile ile. Ni kipimo cha bure, lakini wengi wanakitumia vibaya. Msomaji mmoja akipatia, mwandishi anashtuka na kubadilisha muuaji sehemu ya thelathini, na madokezo yote ya nyuma yanabaki yatima. Usibadilishe. Mmoja kati ya mia tatu akipatia, hesabu yako iko sawasawa. Na "hongera mkuu, tupia kingine" si uhakiki, hata ikiandikwa na watu mia mbili.

Maarifa ndiko tunakopungukiwa zaidi. Nakutana na miswada ambamo mtuhumiwa wa Dar es Salaam anasomewa haki zake kwa maneno ya filamu za Kimarekani, kisha anahukumiwa na baraza la raia kumi na wawili ambalo mahakama zetu hazina. Sumu, ambayo hapa ingepelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, inatambuliwa na mpelelezi kwa kunusa kikombe. Halafu kuna dhamana. Tanzania shitaka la mauaji halina dhamana. Mshitakiwa atakaa mahabusu hadi kesi iishe. Kenya, tangu Katiba ya 2010, mshitakiwa wa mauaji anaweza kupewa dhamana, isipokuwa mahakama ikiona sababu nzito ya kumnyima. Mwandishi wa Nakuru anayemfanya muuaji wake atoroke akiwa nje kwa dhamana ana riwaya. Akilihamishia tukio Mwanza bila kumuuliza mtu wa Mwanza, hana. Kosa hilo linatibika kwa ujumbe mmoja kwa karani wa mahakama, wakili au askari mstaafu aliye tayari kujibu, na watu hao wamo kwenye simu zetu. Kazi iliyobaki ni kuwaalika ndani ya makundi ambayo kwa sasa yana waandishi watupu.

Basi, kama una mswada na unatafuta wa kuusoma, anza wewe. Mwombe mwenzako wake, usome wote, kila baada ya sura tano mwandikie jina la unayemshuku, hata kama unaona haya kukosea. Halafu mpe wako. Na ukishamjua muuaji, tafadhali, usimtaje kwenye grupu. Kuna wenzako hawajausoma bado, na mwandishi atawahitaji kwa mswada wa pili.