Orodha ya mbuzi si orodha ya wanyama

Kila mbuzi ni mnyama, hilo halina ubishi. Mbona basi kompaila ya C# inakataa List<Mbuzi> pale palipoombwa List<IMnyama>, ilhali klasi Mbuzi inatekeleza kiolesura IMnyama? Wanaoanza kuandika programu huilaumu kompaila. Wanaionea.

Tuseme ingekubali:

List<Mbuzi> zizi = new();
List<IMnyama> wote = zizi;
wote.Add(new Kuku());

Mstari wa pili haunakili kitu. Zizi na wote ni majina mawili ya orodha ileile. Wa tatu nao hauna kasoro, kwani kuku ni mnyama. Baadaye sehemu nyingine ya programu inachukua zizi[0] na kuita Kamua(). Inamkuta kuku, na programu inaanguka mbali kabisa na pale kosa lilipotendeka.

Safu, yaani Mbuzi[], ziliachiwa uhuru huo tangu C# ilipoanza, kwa kufuata nyayo za Java. Matokeo yake, kitu kinapowekwa kwenye safu hukaguliwa programu ikiwa inaendeshwa, na kuku akigundulika hurushwa kosa la ArrayTypeMismatchException. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi mbovu, na afadhali List<T> ilipokuja mwaka 2005 haukurudiwa.

Ukitazama vizuri, hatari yote imo katika kuingiza. Kusoma hakumdhuru mtu. Ndiyo maana C# 4.0 ya mwaka 2010 iliruhusu kiolesura kitangaze, kwa neno out, kwamba vitu vya aina hiyo vinatoka tu. IEnumerable<out T> kimetangazwa hivyo, na baadaye IReadOnlyList<out T>. List<Mbuzi> hupita kwenye milango hiyo bila kunakiliwa. IList<T> hakimo, maana kina Add. Namba pia hazinufaiki: IEnumerable<int> haikubaliwi kama IEnumerable<object>, kwa kuwa kila int ingebidi ifungashwe upya kwanza.

Ukitaka kweli orodha utakayoongezea kuku, tengeneza nyingine kwa zizi.ToList<IMnyama>(). Mbuzi waliomo ni walewale, ila orodha ni mpya, na kuku akiingia humo zizi haliguswi.

Lakini kabla ya kunakili orodha yenye vitu laki moja, soma tangazo la mbinu inayoipokea. Mara nyingi inapitia tu wanyama na kujumlisha uzito wao. Basi irekebishe iombe IEnumerable<IMnyama>, kwa sababu mbinu hiyo haikuhitaji List tangu mwanzo.