Arosto haiishi kwa kikombe cha tangawizi

Likizo yangu ya mwaka wa kwanza iliishia sebuleni kwetu, nikimlinda kaka. Alikuwa ameamua kuacha unga. Mama akanunua kidumu cha lita 5 cha dawa ya mizizi. Muuzaji aliapa kwamba siku 3 zinatosha. Ndani mna nini, hatukuuliza.

Arosto ni hivi. Heroini hushika vipokezi vya ubongo vinavyotuliza maumivu, na mwili huzoea kuishi nayo. Ikikatwa ghafla, vyote vilivyokuwa vimelazwa vinaamka kwa pamoja. Saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho huanza miayo, makamasi na jasho. Kisha mifupa inauma, mtu anatapika, anaharisha, halali. Siku ya 2 na ya 3 ndiyo kilele. Baada ya wiki hivi hali hupoa.

Je, mitishamba inasaidia? Kidogo, tusidanganyane. Tangawizi hupunguza kichefuchefu. Chai ya mchaichai, ukiacha harufu yake nzuri, inarudisha maji mwilini. Lakini hazigusi vile vipokezi. Kuna mizizi ya iboga, inayotumika kwenye ibada za jadi Gabon: hiyo kweli hugusa ubongo, ila inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na imeshaua watu. Kitu kuwa cha asili haimaanishi ni salama.

Kwa kaka, kilichosaidia zaidi ni maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Kuharisha na kutapika hukausha mwili, na hapo ndipo arosto inapoweza kuua.

Siku ya 8 tukashangilia, kaka kapona! Siku ya 10 akarudi maskani, akapiga kipimo chake cha zamani. Tulimkuta kalala, midomo ya bluu, anapumua kwa kuvuta. Mwili ulikuwa umeshapoteza mazoea, kwa hiyo kipimo cha jana kikawa sumu ya leo. Tulimkimbiza hospitali, akapona kwa bahati.

Hapo ndipo tulipoelewa: arosto ni mlango tu, ugonjwa wenyewe uko ndani ya nyumba. Methadoni hushika vipokezi vilevile taratibu, bila kulevya kwa mtu aliyepimiwa dozi yake, na humezwa kila siku mbele ya mhudumu. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, bila malipo. Baadaye Mwananyamala na Temeke zikafuata.

Kaka anakwenda kila asubuhi. Jioni mama bado anamchemshia tangawizi, na mhudumu anajua.

Kama una rumeti anayepiga miayo na kutetemeka, usimcheke, usimwite teja. Mpe maji, kisha msindikize kliniki.