Deki ya 4K: Ununue Sasa au Uachane Nayo?

Kama TV yako haifiki inchi 50, weka hela mfukoni. Ukikaa kwenye kochi, picha ya 4K na ya Blu-ray ya kawaida hutazitofautisha kirahisi, ila bei utaitofautisha.

Mwenye TV ya 4K ya inchi 55 kwenda juu ana sababu ya kufikiria. DVD hubeba GB 4.7, au 8.5 ikiwa ya tabaka mbili. Blu-ray ni GB 25 au 50, na diski ya 4K hufika hadi 100. Huko kwenye GB za ziada ndiko rangi na giza la picha vinakotulia, bila vile vimiraba vinavyoonekana mtandao ukizidiwa.

Utasema mtandao una filamu za 4K pia. Zipo, lakini hula hadi GB 7 kwa saa, kwa hiyo filamu ya saa mbili inakwenda na GB 14. Anayeishi kwa bando ajipigie hesabu mwenyewe. Diski unailipia mara moja, unaitazama hata mtandao ukikatika, na ukiichoka unaiuza.

Tatizo ni bei ya hiyo diski. Nchini Marekani filamu mpya ya 4K huuzwa kati ya dola 20 na 35 hivi, kabla ya usafiri na ushuru wa kuiingiza kwetu. Diski kumi zinaweza kufikia bei ya deki yenyewe. Basi kabla ya kuulizia deki, andika majina ya filamu unazotaka kuwa nazo, uone ngapi zimetoka kwa 4K. Mpenzi wa Bongo Movie asihangaike: filamu hizo aliuziwa kwa VCD na DVD, na deki ya bei chee inamtosha.

Sasa gharama zisizoandikwa kwenye boksi. Ndugu aliyeko Marekani akikuahidi deki, mwambie asome kwanza maandishi ya nyuma. Nyingi za huko ni za umeme wa volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 ya Dar au 240 ya Nairobi, umeizika. Ongeza bei ya transfoma.

Halafu kuna kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imefungiwa. Diski za 4K hazina kufuli la kanda, ila Blu-ray na DVD nyingi zinalo. Deki ya Marekani ni ya kanda A kwa Blu-ray na 1 kwa DVD, wakati sisi Afrika Mashariki ni B na 5. Ya Uingereza au Oman ina nafuu: Blu-ray ni B kama yetu, umeme unalingana, hata plagi ni ileile ya pini tatu. Kwenye DVD ndiko kuna kikwazo, maana wao ni kanda 2.

Mashine ya michezo ya mtumba yenye mlango wa diski ni njia nzuri ya kubana matumizi, mradi uulize toleo. Baadhi ya matoleo husoma Blu-ray tu, mengine hayana mlango kabisa, na yapo yanayodai intaneti kwanza yapakue programu ya kuchezesha diski. VCD zako za harusi usizitegemee humo.

Je, usubiri bei ishuke? Bei kushuka si habari njema kila mara. Deki za HD DVD, diski iliyoshindana na Blu-ray, zilianza kwa dola 499 mwaka 2006, na Novemba 2007 zikauzwa Marekani kwa chini ya dola 100. Watu wakazigombania. Februari 19, 2008 Toshiba, iliyokuwa ikizitengeneza, ikatangaza kuachana nazo. Blu-ray ilikuwa imeshinda, ingawa deki zake za kwanza zilikuwa ghali mara mbili.

Leo 4K haina mpinzani wa diski, ila watengenezaji wanapungua. Samsung ilijitoa mwaka 2019, na LG nayo ikafuata. Kwa hiyo mwenye TV kubwa na orodha ndefu ya filamu anunue sasa, mpya, yenye waranti, kwa sababu lenzi ikichoka fundi wa mtaani atahangaika kupata ya kubadilisha. Uzuri ni kwamba deki ya 4K husoma pia Blu-ray na DVD, ila Blu-ray haisomi 4K. Waliobaki, Blu-ray iliyotumika kidogo ndiyo nafuu.

Ukienda dukani, beba diski zako: DVD moja, Blu-ray moja, na VCD kama unazo. Omba ziwekwe zote, uzione zikicheza kwenye TV, na uulize kama waya wa HDMI umo kwenye boksi au unauzwa kando. Ikigoma hata moja unayoihitaji, usitoe hela.