KIPUPWE KATIKA VIJIJI VYA PWANI YA KUSINI UNGUJA
Maelezo kwa Wageni Watokao Bara

Kila unapokaribia mwezi wa Juni, wananchi kutoka mikoa ya Bara huanza kuulizia safari ya Unguja, na wengi wao huwa wamekusudia shughuli ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi. Maelezo haya yanatolewa kwa ajili yao. Tuliyemfikiria zaidi ni mwananchi wa mahali kama Bukene, Wilaya ya Nzega, Mkoa wa Tabora, ambaye huenda hajapata kuiona bahari, na ambaye akishafika Dar es Salaam hudhani kwamba sehemu ngumu ya safari imekwisha.

Kipupwe ni majira ya baridi, baina ya Juni na Agosti. Neno "baridi" huenda likamchekesha mtu wa Tabora, kwa kuwa huko kwao, katika uwanda ulio juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,200, usiku wa Julai joto hushuka hadi kiasi cha nyuzi 15 na watu huota moto. Unguja ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20. Lakini huku baridi haipimwi kwa kipimajoto peke yake. Huja pamoja na upepo wa kusi, ambao huanza kuvuma Masika yanapokatika na kuendelea hadi Septemba, nao ndio unaoamua nani ale nini na nani asafiri lini.

Upepo huo si mgeni kabisa kwa watu wa Unyanyembe. Zama za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani wakati wa kiangazi, wakibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo ili zivushwe Unguja. Majahazi ya Arabuni, yaliyokuja kwa upepo wa kaskazi, yalisubiri kusi ndipo yakarejea kwao. Bei ya pembe iliyoteremka kutoka Tabora, kwa namna moja au nyingine, ilifungamana na pepo hizi mbili.

Vijiji vya Makunduchi, Jambiani, Paje na Bwejuu vinaelekea bahari kuu. Mbele yao upo mwamba unaovunja mawimbi, na ndani ya mwamba ni maji madogo ambayo yakipwa mtu hutembea kwa miguu masafa marefu. Mgeni akisimama ufukweni huona maji ya kijani yaliyotulia, akashangaa kwa nini ngalawa zimepandishwa mchangani. Sababu yake iko nje ya mwamba. Huko kusi likishika, mawimbi huinuka kiasi ambacho mvuvi mwenye akili hatoki, na zipo siku nyingi mfululizo ambazo hakuna anayetoka. Wanaume hushona nyavu, hutia vyombo kalafati, au hupiga dago upande wa magharibi wa kisiwa ambako nchi kavu huukinga upepo. Fedha hupungua nyumbani. Hilo watalii hawalielezwi, nao kwao Julai na Agosti ndiyo likizo ya kiangazi, na wapo wanaokuja Paje kwa ajili ya upepo huo huo, wakipeperuka juu ya maji kwa tiara. Upepo unaomlaza mvuvi njaa humpa kazi kijana anayewafundisha wageni mchezo huo, na mara nyingine wote wawili ni wa nyumba moja.

Ni haki kusema kwamba katika miezi hii nyumba nyingi za pwani huendeshwa kwa mikono ya kinamama. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na tangu hapo wanawake ndio wengi katika kazi hiyo. Bamvua likifika, mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali, nao huteremka na kamba na vijiti vyao kufunga miche na kuvuna iliyokomaa. Wengine huchukua mikuki midogo kutafuta pweza katika mashimo ya mwamba. Maji ya Kipupwe huufaa mwani kuliko maji ya moto ya Kaskazi, ambayo huuletea maradhi, na aina ya kotoni, yenye bei nzuri zaidi, imepata taabu kubwa kwa sababu ya joto la bahari. Hata hivyo kusi nalo lina dhara yake, kwani mawimbi hukata kamba, na kazi ya wiki kadhaa hukutwa imetupwa ufukweni asubuhi moja.

Sasa tuje kwenye Mwaka Kogwa. Hesabu yake ni ya Nairuzi, asili yake Uajemi, mwaka wa siku 365 ambao mabaharia na wakulima walihesabia majira yao kwa makumi ya siku. Kwa kuwa hesabu hiyo haina mwaka mrefu, siku ya mwaka hurudi nyuma kwa siku moja kila baada ya miaka 4, na kwa hiyo mgeni aulize tarehe kwanza kabla ya kukata tikiti. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa migomba, na huo ndio wakati wa kutoa kinyongo cha mwaka mzima. Likishakwisha pigano, neno lililokuwepo baina yao limekwisha nalo. Kisha kibanda cha makuti huchomwa moto mtu akiwa ndani, naye hutoka mbio akiwa salama. Kinamama huimba, wamevaa nguo zao bora, na baada ya hapo ni vyakula na ngoma kwa siku kadhaa. Wapo masheikh wasioikubali shughuli hii, nao wana hoja zao. Watu wa Makunduchi huona ni vibaya kukaa siku hiyo bila mgeni, basi mtu wa Bukene asione haya akikaribishwa chakula na asiyemjua. Picha za kinamama zipigwe kwa idhini yao.

Limebaki suala la kuvuka, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit, ikitokea Dar es Salaam, ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali, na watu wengi wakapoteza maisha. Ulikuwa wakati kama huu, wa kusi. Wasafiri wanaombwa wasikilize taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Inapotangazwa kwamba kutakuwa na upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, safari iahirishwe. Asipande mtu katika chombo kilichojaa kupita kiasi, wala katika mashua ya magendo inayotoka bandari bubu kwa kuwa nauli ni rahisi. Aulize maboya ya kujiokolea yako wapi kabla chombo hakijang'oa nanga.

Aidha, mgeni aweke akiba ya siku mbili na fedha ya kulala Dar es Salaam, ili nahodha akisema leo hatwendi, asilazimike kutafuta nahodha mwingine. Sweta aliyoondoka nayo Bukene asiiache kwa jamaa zake mjini. Juu ya sitaha, kusi likivuma, ataihitaji.