Mama mjasiriamali, jiandalie likizo ya uzazi

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mama aliyejiajiri hana wa kumlipa. Akifunga genge, mapato yanakoma siku hiyo hiyo na mtaji unaanza kuliwa. Wengi hurudi mikono mitupu, wakiamini biashara imewashinda. Kilichokosekana si uwezo, ni maandalizi.

Ukishajua una mimba, weka pembeni Sh1,000 kila siku. Kwa siku 200 utakuwa na Sh200,000 za matumizi, bila kugusa mtaji. Anayefuga kuku wa nyama, ambao hukua kwa wiki tano hadi sita, ahesabu tarehe ili kundi la mwisho liuzwe kabla ya kujifungua. Mwenye genge amfundishe mapema atakayemshikia, naye aandike mauzo kwenye daftari kila jioni.

Mtoto hunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, hivyo rudi kazini kwa saa chache kwanza. Ukifungua daftari ukakuta mtaji upo, utajiamini bila kuambiwa na mtu.