Ini jeupe la mwoga

Katika Macbeth, tamthilia ambayo William Shakespeare aliiandika yapata mwaka 1606, mtumishi anaingia kwa mfalme uso umempauka kwa hofu. Kaja na habari kwamba askari elfu kumi wa adui wanakuja. Kabla hajamaliza, mfalme anamtusi: “lily-livered”. Kivumishi hicho kimeunganisha vitu viwili, ua la yungiyungi na ini. Ukikifumbua unapata “mwenye ini jeupe kama yungiyungi”. Maana yake ni mwoga.

Kwa nini ini? Jibu limo katika utabibu wa kale. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, alifundisha kwamba chakula hugeuzwa damu ndani ya ini, kisha damu hiyo husambaa mwilini. Mafundisho yake yalitawala Ulaya kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ikaaminika kuwa ini lililojaa damu ndilo humpa mtu ushujaa, na la mwoga limepauka kwa kukosa damu. Shakespeare alikwisha kuligusia wazo hilo katika tamthilia ya awali, ile ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri na kuiita Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969. Humo waoga wanaojivika sura ya mashujaa wanaambiwa wana maini meupe kama maziwa.

Mwaka 1628 tabibu Mwingereza, William Harvey, alionyesha kuwa damu huzunguka mwilini ikisukumwa na moyo. Ini likavuliwa cheo, lakini tusi limebaki katika Kiingereza mpaka leo.

Kiswahili nacho kina ini lake, ila kimelipa kazi nyingine. Maneno makali hukata maini, kwa kuwa kwetu ini ni la uchungu. Ushujaa tumeukabidhi moyo, ndiyo maana anayejikaza hupiga moyo konde. Mfasiri akiandika “ini jeupe”, msomaji atadhani anasimuliwa habari za mgonjwa. Hata mwoga mwenyewe hatumbezi moja kwa moja, maana wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Walimu na wafasiri, mkikutana na kiungo cha mwili katika lugha ya wenyewe, ulizeni kwanza kinafanya kazi gani huko. Kisha tafuteni neno letu linalofanya kazi hiyo hiyo. Hapa “mwoga” latosha.